Kila Nyumba Ina Wenyewe

Ndugu msomaji, ukiulizwa nyumba fulani ni ya nani hutachelewa kujibu. Utamtaja mtu ambaye jina lake limo katika hati, na maneno yatakuwa yamekwisha. Lakini ukiichunguza khabari ya nyumba yoyote iliyoishi miaka mingi utaona kuwa jibu hilo halitoshi. Yuko aliyetoa fedha, yuko aliyetia akili, wako waliobeba mawe, yuko jirani ambaye kivuli cha nyumba kinamwangukia, yuko mpita njia, na yuko mpangaji anayelala humo na kulea watoto wake. Kila mmoja ana haki yake, ijapokuwa hati haikumtaja.

Nakuletea leo khabari ya nyumba moja ya ghorofa iliyojengwa katika mji wa Barcelona, Hispania, baina ya mwaka 1906 na 1912. Jina lake ni Casa Milà, yaani nyumba ya Milà. Lakini watu wa mji waliibandika jina la La Pedrera, maana yake machimbo ya mawe, na jina hilo la kejeli ndilo lililoshinda. Huenda ukauliza, sisi watu wa pwani na Barcelona wapi na wapi? Jibu langu ni kuwa miji inapokua hufanana tabia, na mtihani unaowapata wenye viwanja wa mji mmoja huwafikia na wa mji mwengine, hata ikiwa lugha na desturi ni mbali mbali.

Na mimi nina sababu yangu khasa. Sisi ni ndugu watano, na marehemu baba yetu ametuachia nyumba ya chini hapa Mombasa, yenye ua mdogo na kisima kilichokwisha kukauka. Mwaka huu ametujia mjenzi na karatasi zake: nyumba ivunjwe, pajengwe ghorofa saba, yeye achukue fleti kadhaa na sisi tugawane zilizobaki. Hesabu yake inavutia. Kaka yetu mmoja ana watoto wa kusomesha. Dada yetu mkubwa ni mjane, na ndiye anayekaa katika nyumba hiyo. Kila tunapokutana, neno linalorejewa ni moja: "Kiwanja ni chetu, nani wa kutuuliza?" Neno hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya niipekue upya khabari ya nyumba hii ya mbali.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Barcelona ya kale ilibanwa ndani ya kuta. Watu walisongamana, vichochoro havikupata jua, na maradhi yalikuwa hayatoki. Mwaka 1854 kuta zikaanza kubomolewa. Mhandisi mmoja, Ildefons Cerdà, akachora mji mpya katika uwanda uliokuwa nje ya kuta, na mpango wake ukapitishwa mwaka 1859 na 1860. Huyu alikuwa mtu wa kuhesabu. Alikuwa ameyachunguza maisha na vifo vya wafanyakazi wa mjini, akajua kuwa hewa na mwanga si anasa. Basi akapima barabara nyingi kuwa na upana wa mita 20, akakata pembe za kila kitalu ili njia panda ziwe na nafasi, na akakusudia kila kitalu kijengwe pande mbili tu, na katikati paachwe bustani kwa ajili ya wakaazi wote.

Msomaji, unajua kilichotokea. Wenye viwanja walijenga upande wa tatu, kisha wa nne, kisha wakaingia na katikati. Palipokusudiwa miti na watoto wa kucheza pakawa maghala na karakana. Hakuna aliyeamka asubuhi akasema, "Leo nitaiua bustani ya mji." Kila mmoja alichukua kidogo chake, akasema kiwanja ni changu. Vidogo vilipokusanyika, mwanga ambao mhandisi aliwawekea watu wote ukapungua kwa wote.

Kufikia mwaka 1900 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya nusu milioni, na barabara ya Passeig de Gràcia ndiyo iliyokuwa mahali pa matajiri kushindana kwa majumba. Hapo ndipo anapoingia Pere Milà. Mwaka 1905 alimuoa Roser Segimon, mjane wa tajiri aliyeitwa Josep Guardiola, ambaye alitajirika kwa kahawa huko Guatemala. Katika lugha ya Kikatalani neno guardiola maana yake ni kibubu cha kuwekea akiba, na watu wa mji hawakuiacha nafasi hiyo ipite. Waliulizana kama bwana huyu anampenda mjane wa Guardiola au anakipenda kibubu cha mjane. Sisi hatumo katika kupima mapenzi ya watu. Lakini tuliandike hili: fedha za nyumba hii zilitoka kwenye kahawa, na mikono iliyoichuma kahawa hiyo haimo katika hati yoyote ya Passeig de Gràcia.

Wakamwita Antoni Gaudí, msanifu majengo aliyekuwa ameshavuma, na katika barabara hiyo hiyo alikuwa anaitengeneza nyumba nyingine, Casa Batlló. Makubaliano yalikuwa kwamba mume na mke watakaa katika ghorofa kuu, ambayo peke yake ilizidi mita za mraba 1,300, na ghorofa nne za juu zipangishwe.

Haki ni kumsifu mtu kwa alilolifanya vyema. Gaudí aliijenga nyumba hii kwa fikra ambayo hata leo mafundi huistaajabia. Kuta za ndani hazikubeba uzito wa jengo. Uzito ulichukuliwa na nguzo za mawe, za matofali na za chuma, kwa hivyo ukuta wa chumba ungeweza kuondolewa au kusogezwa bila ya nyumba kudhurika. Katikati aliacha nyua mbili kubwa zilizo wazi hadi juu, ili vyumba vya ndani navyo vipate mwanga na hewa. Chini ya nyumba aliweka mahali pa magari, jambo lililokuwa geni kabisa katika mji wakati huo. Uso wa nyumba ni mawe yaliyochongwa yakapinda kama mawimbi, na roshani zake zina vyuma vilivyofuliwa na wahunzi mfano wa mwani uliotupwa ufukweni. Juu ya paa alisimamisha dohani na minara ya kupitishia hewa iliyofanana na watu waliojifunika nguo, na baadhi yake akaifunika kwa vigae na vipande vya chupa zilizovunjika.

Baina ya paa na ghorofa za wapangaji palikuwa na dari iliyojengwa kwa matao 270 ya matofali. Dari hiyo ndipo palipofuliwa na kuanikwa nguo za nyumba nzima. Na ngazi? Mpangaji alipanda kwa lifti. Ngazi zilizofika juu zilikuwa ndogo, za watumishi. Kwa hivyo, msomaji, ukiambiwa kuhusu uzuri wa nyumba kubwa, uliza pia nani alipanda ngazi zake akiwa amebeba kapu la nguo mbichi. Nyumba hupendeza kwa macho ya apitaye nje, na huwa nzito kwa mabega ya anayeitumikia ndani.

Hata hivyo, mji haukuipenda. Magazeti ya vichekesho yaliichora kama banda la kuegesha maputo ya kuruka angani, na jina la machimbo likaenea. Lakini kejeli ni maneno tu. Jambo zito lilikuwa jingine. Mwishoni mwa mwaka 1907 wakaguzi wa Manispaa waliona kuwa nguzo moja ya nyumba imetoka nje ya mpaka, ikachukua sehemu ya njia ya waendao kwa miguu. Wakaamuru kazi isimamishwe. Inasimuliwa kuwa Gaudí alijibu kwamba wakitaka nguzo ikatwe ataikata, lakini ataandika papo hapo kuwa imekatwa kwa amri ya Manispaa. Nguzo haikukatwa. Mwaka 1909 likazuka jengine: dari na paa vilivuka kipimo kilichoruhusiwa kwa maelfu ya mita za ujazo. Manispaa ikataka kilichozidi kivunjwe au ilipwe faini ya peseta 100,000. Mwishoni mwa mwaka huo kamati iliyohusika ikasema kuwa jengo hili ni la kumbukumbu, kwa hivyo si lazima lifuate kanuni kama majengo mengine.

Hapa nakuomba tusimame kidogo. Wapo watakaosema, "Unaona? Lau nguzo ingekatwa, dunia ingepoteza kitu kizuri." Huenda ni kweli. Lakini zingatia kuwa aliyesamehewa alikuwa Gaudí, na aliyemlipa alikuwa tajiri. Mtu wa kawaida aliyetoa kibaraza chake shibiri moja barabarani hakuwa na kamati ya kumwita mtu wa kumbukumbu. Na sisi huku, kila anayejenga hujiona kuwa yeye ni wa kusamehewa. Jirani mmoja karibu na nyumba ya baba yetu alipandisha ukuta mpaka juu ya dirisha letu, na tangu siku hiyo dada yangu huwasha taa saa nne za asubuhi ili achambue mchele. Hakuvunja kitu chetu hata kimoja. Alichukua mwanga tu, na mwanga hauna hati.

Mwaka huo huo wa 1909, nyumba ikiwa inaendelea kujengwa, Barcelona iliwaka moto. Hispania ilikuwa imeingia katika vita na watu wa Rif, Waislamu wa kaskazini mwa Morocco, na serikali ikawaita askari wa akiba kwenda kupigana. Sheria ya wakati huo ilimruhusu kijana mwenye peseta 1,500 kujikomboa asiende jeshini. Wenye nazo walilipa; wasiokuwa nazo waliacha wake na watoto wakapelekwa kuwapiga watu wasiowajua, katika ardhi isiyowahusu. Mwezi wa Julai wafanyakazi wa mji waligoma, vizuizi vikawekwa barabarani, makanisa na nyumba za watawa zikachomwa, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Wiki hiyo ikaitwa Wiki ya Msiba.

Baada ya ghasia zile Milà aliingiwa na khofu, asikubali tena sanamu ya kidini ambayo Gaudí alitaka kuiweka juu ya uso wa nyumba. Hilo likazidisha uchungu baina yao. Mimi lakini naitazama hesabu. Mwenye nyumba na msanifu wake walikuja kugombana juu ya ujira, wakafika mahakamani, na kesi ikachukua miaka. Mwaka 1916 Gaudí akashinda peseta 105,000, na bibi Roser akalazimika kuiweka nyumba rahani ili deni lilipwe. Gawa fedha hizo kwa peseta 1,500. Utapata vijana 70. Deni la kazi ya mtu mmoja juu ya nyumba moja lingeweza kuwatoa vijana 70 katika vita visivyowahusu. Sisemi kuwa Gaudí hakuwa na haki. Ujira wake ulikuwa ujira wake, na inasemekana aliutoa wote kwa watawa. Nasema tu kuwa mji ulioweza kuhesabu hivi haukuwa salama, hata majumba yake yangekuwa na uzuri gani.

Na tazama mwisho wa wenyewe. Gaudí aligongwa na tramu mwezi wa Juni 1926, na kwa kuwa nguo zake zilikuwa chakavu watu walimdhania ni maskini asiye na mtu. Alipokwisha kufa, bibi Roser, ambaye inasemekana hakuipenda nyumba hiyo tangu mwanzo, aliyabadilisha mapambo ya ghorofa yake, akaweka ya mtindo wa zamani wa Kifaransa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1936 nyumba ilichukuliwa, na viongozi wa chama kimoja cha siasa wakakaa humo. Pere Milà alifariki mwaka 1940. Mwaka 1946 mjane akaiuza nyumba kwa kampuni ya majumba, akabaki kuishi katika ghorofa yake mpaka alipofariki mwaka 1964. Fikiri, msomaji: yule ambaye nyumba ilijengwa kwa kibubu chake alimaliza miaka yake 18 ya mwisho akikaa katika nyumba ambayo hati yake ina jina la wengine.

Waliofuata waliitumia kwa faida ya haraka. Katika miaka ya 1950 dari ya kufulia ikakatwa vyumba, zikapatikana fleti 13 za kupangisha. Ghorofa kuu ikawa ofisi, na baadaye ukumbi wa kamari ya bingo. Uso wa mawe ukashika masizi na rangi chafu. Serikali iliitangaza kuwa ni jengo la kumbukumbu mwaka 1969, na mwaka 1984 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lakini tangazo halisafishi jiwe. Mwaka 1986 benki ya akiba ya Catalunya iliinunua kwa peseta milioni 900, kisha ikaanza kuitengeneza: mawe yakaoshwa, fleti za darini zikaondolewa, na matao 270 yakaonekana tena. Tangu mwaka 1996 watu huingia kuitazama. Leo iko katika mikono ya taasisi isiyo ya biashara, na kiingilio cha wageni husaidia kazi za jamii na elimu. Kwa lugha yetu unaweza kuiona ina harufu ya wakfu, ingawa kisheria si wakfu.

Jambo moja limenigusa kuliko yote. Katika mabadiliko hayo, kutoka kwa Milà hadi kampuni, kutoka kampuni hadi benki, wapo wapangaji waliobaki ndani ya fleti zao kwa mikataba yao ya zamani. Benki ilinunua nyumba lakini haikununua ruhusa ya kuwatoa. Watalii walipita ngazini, na nyuma ya mlango mtu alikuwa anapika chakula chake cha mchana. Mkataba mnyonge wa mpangaji uliishi kuliko fakhari ya aliyejenga.

Basi nimeyachukua haya nikayapeleka katika kikao chetu cha ndugu. Sikusema tusijenge. Mji unakua, watu wanataka pa kulala, na nyumba ya chini juu ya kiwanja cha katikati ya mji ina mwisho wake. Nilisema kabla ya kutia saini tuulizane maswali manne, na majibu yaandikwe. Jirani wa nyuma atabakiwa na mwanga kiasi gani? Ukuta wetu utaishia wapi, ndani ya mpaka au juu ya njia ya watu? Waashi na vibarua watalipwa na nani, na mjenzi akikimbia nani atawalipa? Na dada yetu mjane, atakaa wapi siku nyumba itakapovunjwa, na fleti yake itaandikwa kwa jina la nani?

Mjenzi ameyapokea mawili ya mwanzo bila ya taabu. La tatu amelikunjia uso. La nne amesema ni mambo ya ndani ya familia, na kaka yangu akakubaliana naye. Hapo ndipo tulipo mpaka ninapoandika maneno haya. Mimi nimesema wazi kuwa kidole changu hakitagusa wino mpaka la tatu na la nne yawe katika karatasi moja na yale ya mwanzo. Kaka amekasirika, na wiki mbili sasa hatujala pamoja. Dada yetu yeye hasemi kitu. Anaendelea kuchambua mchele wake kwa mwanga wa taa.

Na wewe msomaji, huenda nawe una kiwanja cha marehemu, au mjenzi amekugongea mlango na hesabu inayovutia. Sikuambii ukubali wala ukatae. Nakuomba tu, kabla hujasema kiwanja ni chako, uzunguke nyuma ya nyumba na kusimama dirishani kwa jirani, kisha utoke barabarani upime kwa hatua zako. Muulize fundi amelipwa lini mara ya mwisho. Halafu mwite yule aliyemo ndani ambaye hana sauti katika kikao, umkalishe karibu nawe, na umwachie nafasi ya kusema kabla kalamu haijatoka mfukoni.